Milango ya Hospitali

Afya ni mali ya kwanza ya mwanadamu, na kazi ni ya pili. Basi mtu achaguaye kazi ya afya hushika mali zote mbili kwa mkono mmoja, na uchaguzi wake hutaka uangalifu kuliko ule wa mnunuzi wa nguo. Nguo isiyomkaa mtu vema huweza kurudishwa kwa mshonaji ikapunguzwa au ikaongezwa. Miaka ya ujana iliyotumika vibaya hairudishwi kwa fundi ye yote. Nayaandika haya kwako, msomaji kijana, wala si kwa kuwa mimi ni mjuzi wa hospitali. Mimi ni mwalimu. Nayaandika kwa kuwa niliwahi kumshauri mtu vibaya, na kosa langu lilinifunza jambo ambalo ningependa ulipate bila ya kulipa gharama yake.

Miaka kadhaa iliyopita, msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja nyumbani kwangu pamoja na mama yake. Jina lake nitaliacha, maana aibu ya habari hii ni yangu, si yake. Katika mtihani wa KCSE alikuwa amepata wastani wa C, na katika biolojia na kemia alikuwa amefanya vizuri kuliko wastani huo. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba dogo na ng'ombe wawili.

"Mwalimu," mama alisema, "mtoto huyu tangu udogo wake husema kwamba atatibu watu. Alama za udaktari hakuzipata. Tufanye nini?"

Mbele yangu palikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupanga somo, kushika chaki na kutuliza darasa. Hakikunifundisha majina ya kazi zilizo nyuma ya ukuta wa hospitali. Nilizijua mbili tu, ya daktari na ya muuguzi, na zote mbili nilidhani zilikuwa juu ya uwezo wake. Hata hivyo nilijibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Mama, asomee usaidizi wa muuguzi. Ni miezi michache tu, kisha ataingia hospitalini." Mama alinishukuru sana. Juma lililofuata aliuza ng'ombe mmoja.

Binti alisoma miezi sita katika chuo kidogo cha mjini, akapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Alipokipeleka hospitalini akitafuta kazi, aliulizwa namba yake ya kuandikishwa. Hakuwa nayo. Baraza la Uuguzi la Kenya huandikisha muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada. Msaidizi aliyesoma miezi michache hayumo katika daftari hilo. Mwishowe alipata kazi katika zahanati ya mtu binafsi kwa ujira mdogo. Alitandika vitanda, akaosha wagonjwa na kumwaga mabakuli yao. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo safi. Lakini katika mwaka wa pili alirudi kwangu, akaketi katika kiti kile kile, akaniuliza swali moja: "Mwalimu, kutoka hapa napanda kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Usidhani kwamba naidharau kazi aliyokuwa akiifanya. Mkono umgeuzao mgonjwa kitandani ili mgongo wake usiote vidonda ni mkono wa heshima, na kila mmoja wetu huenda akauhitaji siku moja. Wala kosa langu halikuwa kumwanzisha chini. Kila ngazi ina kidato cha kwanza, na apandaye ngazi kwa kuanzia katikati huanguka. Kosa langu lilikuwa kumwingiza chumbani nikidhani kuwa nimempitisha mlangoni. Mlango hupitiwa kwenda mbele; chumba huingiwa na kukaliwa.

Kuuliza si ujinga. Likizo ilipofika nilivaa viatu vyangu nikaenda kuuliza, jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ng'ombe hajauzwa. Nilizunguka katika hospitali ya kaunti siku nzima, na niliyoyaona yalinifanya nijione mjinga mwenye bahati. Hebu twende pamoja, msomaji, nikuonyeshe milango niliyoiona.

Karibu na lango hukaa mtunza kumbukumbu za afya. Wengi humpita wakidhani ni karani wa kawaida. Lakini jalada la mgonjwa likipotea, daktari hajui dawa gani ilimdhuru mgonjwa huyu mwaka jana, na kaunti haijui ni watoto wangapi waliougua surua mwezi uliopita. Kijana apendaye mpango, hesabu na usiri ana mahali pake hapa.

Ndani zaidi utamkuta tabibu, aitwaye pia afisa wa kliniki. Huyu humpima mgonjwa, huutambua ugonjwa na huandika dawa. Katika vituo vingi vya afya vya mashambani ndiye mgonjwa amwonaye, na wanakijiji humwita daktari bila ya kujua tofauti. Husoma stashahada kwa miaka mitatu, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi chini ya uangalizi. Akipenda, huendelea na masomo ya juu katika tawi moja, kama vile macho, watoto, au usingizi wa upasuaji.

Pembeni ya ukumbi ipo maabara. Mtaalamu wa maabara hutandaza tone la damu juu ya kioo, hulitia rangi, kisha hulitazama katika hadubini. Mwaka 1880, nchini Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa, na tangu hapo homa ikaacha kuwa jambo la kukisia. Mgonjwa huenda asimjue kamwe mtu aliyempimia damu. Walakini neno la mtu huyo ndilo huamua dawa itakayotolewa. Akikosea, wote walio mbele yake watakosea.

Mlango wa pili yake ni wa picha za eksirei. Wilhelm Röntgen alipoigundua miali hiyo huko Ujerumani mwaka 1895, mkono wa mkewe ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa picha. Mpiga picha wa leo hujifunza kuipima miali hiyo, maana hiyo hiyo imulikayo mfupa huweza kumdhuru mtu ikitumiwa bila kiasi. Mbele kidogo yupo mtaalamu wa dawa, ambaye huzihesabu, huzichanganya na kumweleza mgonjwa namna ya kuzitumia. Yupo tabibu wa viungo amfundishaye kutembea upya mtu aliyepooza. Yupo fundi wa viungo bandia, nusu seremala na nusu tabibu, apimaye paja la aliyekatwa mguu ili amtengenezee mguu mwingine.

Yupo pia fundi wa mitambo ya hospitali. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi mitambo mikubwa kwa ajili ya hospitali za kaunti, na baadaye ilibainika kwamba katika mahali kadhaa mitambo ilikaa bure kwa kukosa umeme, nafasi au watu wa kuitumia. Mtambo bila ya mtu aujuaye ni sanduku la chuma. Kijana afunguaye redio iliyokufa akaifufua asidhani kwamba hospitali haina haja naye.

Na si kazi zote za afya zilizo ndani ya ukuta. Afisa wa afya ya umma, ambaye wazee walimwita bwana afya, hukagua visima, vyoo, machinjio na hoteli, ili watu wasifike hospitalini kabisa. Mtaalamu wa lishe hupima mikono ya watoto wembamba na kuwafundisha mama zao kuchanganya chakula kilicho karibu nao. Na vijijini wapo wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwezi wa Septemba mwaka 2023, wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akipewa mkoba wa vifaa. Hawa hupewa posho, si mshahara wa kutosha kujenga nyumba. Lakini kijana anayeishi nao kijijini akifuatana nao atajua upesi kama moyo wake unaweza kukaa karibu na ugonjwa.

Nyingi za kazi hizi hufundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi zake KMTC. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1927, na leo kina matawi katika miji mingi, kama vile Nairobi, Mombasa, Machakos, Nakuru na Kisumu. Niliuliza ni alama gani zitakiwazo kwa stashahada. Nikaambiwa kwamba kwa masomo mengi ni wastani wa C, pamoja na alama za kutosha katika masomo yahusuyo kazi yenyewe.

Nilisimama pale ukumbini kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Wastani wa C! Msichana yule alikuwa nao tangu siku ya kwanza, alipoketi mbele yangu na mama yake. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, nami nilimpeleka kwenye ukuta. Majuto ni mjukuu, na huyo wangu alizaliwa siku ile.

Kutoka hapo nilijitungia maswali matatu, nami huwapa wanafunzi wangu wote. Nakupa na wewe.

Swali la kwanza ni juu ya kazi yenyewe. Usiulize, "Nitavaa nini?" Koti jeupe hufuliwa na kuanikwa kama nguo nyingine. Uliza, "Nitafanya nini saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, mwaka wa kumi?" Ikiwa jibu ni kutazama vioo mia moja, je, jicho lako litakuwa aminifu kwa kioo cha mia kama lilivyokuwa kwa cha kwanza? Ikiwa jibu ni kusikiliza vilio, je, sikio lako litabaki laini? Aogopaye damu hakuumbwa vibaya. Huenda mahali pake ni penye kumbukumbu, lishe au mitambo.

Swali la pili ni juu ya daftari. Kazi nyingi za afya zina bodi au baraza liandikishalo watu wake na kuwapa leseni. Kabla ya kulipa karo, hata shilingi moja, liulize baraza hilo: "Je, chuo hiki mnakitambua? Je, nikimaliza mtaniandikisha?" Muhuri mwekundu huchongwa na fundi ye yote mjini, jina katika daftari halichongwi. Na fedha zikiwa chache, uliza pia juu ya mikopo ya masomo na basari kabla ya kuliendea zizi la mama yako.

Swali la tatu ndilo aliloniuliza msichana yule: "Kutoka hapa napanda kwenda wapi?" Cheti kizuri hufungua njia ya stashahada, stashahada hufungua njia ya masomo ya juu na ya shahada. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai kamwe. Jua kama kibaba chako ni kizima kabla ya kuanza kukijaza.

Sitakudanganya kwamba kila apitaye mlango hukuta meza iliyotandikwa. Wako vijana wenye stashahada na leseni wanaongoja kuajiriwa, na mwaka 2024 matabibu wa nchi hii walikaa katika mgomo kwa muda wa miezi mitatu hivi wakidai haki zao. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima, nao walimkemea mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Hawakusema kwamba mkulima asitazame kama jembe lake lina mpini.

Sasa nimalize habari ya msichana wangu. Nilikwenda kwao kwa miguu, nikamwambia mama yake ukweli wote, kwamba nilisema nisilolijua. Nilitazamia hasira. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, ng'ombe mmoja yupo bado." Sikuwa na uso wa kumtazama. Binti aliomba nafasi ya kusomea maabara, akaipata kwa alama zile zile za zamani; nami nilichangia karo ya muhula wa kwanza, si kwa wema, bali kwa deni.

Siku hizi anafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya mashambani. Mwaka jana nilipatwa na homa nikiwa safarini karibu na hapo, nikaingia, naye ndiye aliyenichoma kidole. Alitazama katika hadubini kwa muda mrefu, nikaanza kuwa na wasiwasi. Nilimwuliza kwa nini hakusema upesi.

"Mwalimu," alijibu bila ya kuinua kichwa, "siwezi kusema nisilolijua. Ngoja nitazame tena."

Nilingoja.