Control Room, baba mkubwa, na video niliyoituma

Haya jamani, nimerudi. Najua nilitoweka, na sitaanza kujitetea. Kazi za dawati la habari mnazijua wenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Chang'ombe kumwamkia baba mkubwa. Anakaa si mbali na Maduka Mawili, nyumba ileile niliyokulia likizo zote za shule. Siku ya mechi kwa Mkapa mtaa ule haupitiki, lakini Jumamosi hiyo hakukuwa na mpira, kumetulia, sauti ni ya mashine ya kukoboa na watoto tu. Kwenye begi nilikuwa na laptopu, waya wa kuunganisha kwenye runinga, na filamu moja ambayo nimesikia ikitajwa tangu nikiwa chuo lakini sijawahi kuitazama mwanzo hadi mwisho. Inaitwa Control Room.

Kilichonisukuma ni ugomvi wa kijiweni. Pale jirani na kwa baba mkubwa kuna muuza kahawa ambaye runinga yake iko Al Jazeera kutwa nzima. Mara ya mwisho nilipopita, jamaa wawili nusura wamwagiane kahawa. Mmoja anasema hawa ndio pekee wanaosema kweli duniani. Mwenzake anasema hawa wametumwa, wana upande wao. Wakanigeukia: "Wewe si mwandishi? Tuambie basi." Nikatafuna kashata. Ndugu msomaji, nilitafuna kashata taratibu kuliko nilivyowahi kutafuna chochote, mpaka wakahamia kwenye habari za Simba na Yanga.

Sasa filamu yenyewe. Ni dokumentari ya mwaka 2004, mwongozaji ni Jehane Noujaim, Mmarekani mwenye asili ya Misri. Alikwenda Doha, Qatar, mwaka 2003, akajibanza na watu wa Al Jazeera wakati Marekani na Uingereza wanaingia Irak. Kumbuka Al Jazeera ya wakati huo ilikuwa ya Kiarabu tu. Ilikuwa imeanza 1996, na ile ya Kiingereza tunayogombania kijiweni ilikuja Novemba 2006. Jambo ambalo sikulijua vizuri ni kwamba kituo cha uongozi cha jeshi la Marekani kwa vita ile nacho kilikuwa hapohapo Doha, kwenye kambi ya As Sayliyah. Yaani anayepiga na anayerusha picha za waliopigwa wako mji mmoja, mwendo wa teksi.

Kwa hiyo ni filamu ya vita ambayo sehemu kubwa inapita ofisini. Simu, sigara, watu wamesimama nyuma ya skrini nyingi wakibishana. Nilijiona nyumbani kabisa. Kuna mtayarishaji mmoja mwandamizi, Samir Khader, anamkaripia mwenzake kwa kumleta hewani mchambuzi wa Kimarekani aliyekuwa akiishambulia tu serikali yake mwenyewe. Unaweza kudhani Al Jazeera wangefurahi kumpata mtu wa namna hiyo. Samir hakufurahi hata kidogo, alitaka uchambuzi. Halafu huyohuyo Samir baadaye anakiri kwamba akipewa kazi Fox ataichukua, na watoto wake angependa wakasome Marekani. Hapo nilicheka kwa sauti, maana ndio sisi. Mchana tunakisema kituo fulani, usiku tunakitumia barua ya maombi ya kazi.

Baba mkubwa hakucheka. Yeye alitazama kama anavyotazama taarifa ya habari, mikono magotini. Kiarabu hakijui zaidi ya cha msikitini na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanampita haraka, kwa hiyo nikawa mkalimani. Mara moja tu alitia neno bila kuulizwa. Aliniuliza kama namkumbuka yule waziri wa habari wa Saddam, al-Sahhaf, aliyekuwa akikana kwamba Wamarekani wameingia Baghdad wakati walikuwa wameshaingia. Nikamwambia nilikuwa mtoto. Akasema, "Radio Uganda walikuwa hivyohivyo. Amin alitaka kupigana ndondi na Mwalimu, refa awe Muhammad Ali." Akanyamaza tena.

Lazima niwaambie kuhusu tarehe 8 Aprili 2003. Siku hiyo ndege ya Marekani ilipiga ofisi ya Al Jazeera mjini Baghdad, ikamuua mwandishi wao Tareq Ayoub, Mjordani, akiwa juu ya paa kazini. Al Jazeera walikuwa wamewapa Wamarekani vipimo vya mahali ofisi ilipo tangu Februari, ili isipigwe kwa bahati mbaya. Siku hiyohiyo kifaru cha Marekani kikafyatua kombora kwenye hoteli ya Palestine walikokuwa wamejaa waandishi, wakafa wapiga picha wawili, mmoja wa Reuters na mmoja wa televisheni ya Hispania. Kwenye filamu mjane wa Tareq anazungumza kwa simu mbele ya waandishi, akiwaomba waseme ukweli kuhusu mume wake. Chumba kizima kimeinamisha vichwa. Nilitafsiri hapo kwa shida kidogo.

Lakini kilichonikalia kooni hakikutoka kwa mtu wa Al Jazeera. Kilitoka kwa Luteni Josh Rushing, kijana wa jeshi la majini la Marekani, kazi yake kuwasemea wakubwa wake kwa waandishi. Mwanzoni unamwona ni kasuku tu. Tarehe 23 Machi 2003 Al Jazeera walionyesha askari wa Kimarekani waliouawa na waliotekwa, na Washington ikawaka. Rushing anasimulia kwamba alipoona zile picha tumbo lilimgeuka. Halafu, bila mtu kumbana, anakumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Al Jazeera haohao walionyesha maiti za Wairaki, picha mbaya vilevile. Zile alizitazama, akaona ni mbaya, akaenda kula. Anasema kilichomuumiza ni kugundua kwamba za jana hazikumuumiza. (Huyu bwana baadaye aliacha jeshi, akaenda kufanya kazi Al Jazeera ya Kiingereza. Dunia ina mambo.)

Nilipomaliza kutafsiri, baba mkubwa akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Uso wa Rushing ukaganda pale kwenye runinga, mdomo nusu wazi.

Baba mkubwa alikwenda vita vya Kagera. Hilo tunalijua ukoo mzima, kama tunavyojua ana kisukari. Tunajua alikuwa na miaka 22, tunajua alivuka na jeshi mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hadithi anazotupa ni za mgao wa chakula, za mvua, za Mganda mmoja aliyewapikia matoke. Siku ya Jumamosi alinipa nyingine.

Alisema Machi 1979 walikuwa Lukaya, mahali ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi. Huko ndiko wanajeshi wetu walikokutana na Walibya ambao Gaddafi aliwatuma kumsaidia Amin. Usiku wa kwanza hali ilikuwa mbaya kwetu, watu walitawanyika. Kesho yake vikosi vyetu vikawazunguka na Walibya wakafa wengi. Baba mkubwa alimpoteza rafiki yake usiku ule wa kwanza, kijana wa Tabora waliyekuwa wamejifunza pamoja. "Huyo nilimlilia. Nililia mbele ya watu, sikujali." Siku iliyofuata wakawa wanapita juu ya barabara, na kando kuna Mlibya amelala, kijana mdogo, pengine mdogo kuliko yeye.

"Unajua nilitazama nini? Viatu. Vilikuwa vipya. Nikawaza namba ngapi."

Nikamuuliza kama alivichukua. Akasema kuna mwenzake alimtangulia.

Kisha akaonyesha kidole kwenye runinga, kwa yule Mmarekani aliyeganda. "Huyu ameyajua mapema. Mimi imenichukua miaka." Sikujua la kusema, nikamimina chai.

Baadaye nilimuuliza kuhusu filamu yetu wenyewe. Maana ipo. Mwaka 1980 Tanzania Film Company na Audio Visual Institute walitoa filamu ya rangi iitwayo Vita vya Kagera. Alishaiona. Alisema ni filamu nzuri, ushujaa uliomo ulikuwepo kweli, na mtu asije akamwambia vita vile havikuwa vya haki. Nakubaliana naye. Amin ndiye aliyevamia, Oktoba 1978, akatangaza Kagera ni mali yake, na watu wetu waliuawa kwa mamia kule. Wala sisemi filamu ile ingetengenezwa vingine, nchi ilikuwa imetoka vitani juzi. Ila baba mkubwa alisema hivi: "Viatu havimo." Nimekuwa nikilirudia hilo kichwani wiki nzima.

Na hata hiyo filamu ilikuja vita vikiwa vimekwisha. Vita vyenyewe watu wa Chang'ombe walivisikia, hawakuviona. Bara hapakuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo ilikuwa Radio Tanzania na magazeti. Watu walisikia hotuba ya Mwalimu, ile ya sababu, nia na uwezo, wakasikia nyimbo, wakasikia ushindi. Mwanzoni mwa 1979 kwa muda taarifa rasmi zilikuwa kwamba wanaosonga mbele ndani ya Uganda ni Waganda wenyewe wapinzani wa Amin. Marehemu bibi, mama yake baba mkubwa, alikuwa akisikiliza taarifa ya saa mbili usiku akijua mwanawe hajulikani aliko, na redio inamwambia wanaopigana ni watu wengine. Na waandishi waliotaka kujionea wenyewe haikuwa rahisi. Aprili 1979 waandishi wanne, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria kuingia Uganda wakauawa na askari wa Amin.

Sasa nije kwangu, maana ndiko nilikokuwa nakwepa kufika.

Oktoba 2023 vita vya Gaza vilipoanza, nilikuwa zamu ya habari za kimataifa. Kazi yangu ilikuwa kuchagua picha. Kwa wiki nyingi nilikaa na chapati na chai mezani nikipitia picha za watoto waliofukuliwa chini ya vifusi. Hii hapana, ina damu sana. Hii sawa. Hii imekatwa vibaya. Nilikuwa nafanya kazi, na naamini niliifanya vizuri. Sikumbuki uso wa mtoto hata mmoja.

Mnajua kwamba siku ya kwanza kabisa, Oktoba 7, waliuawa vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo. Mmoja wao mwili wake ulirudishwa kutoka Gaza Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Desemba 2023 video ya kuuawa kwake ilianza kuzunguka kwenye simu. Iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp usiku. Niliifungua, nikaona sekunde chache, nikasikia sauti yake. Nikaitupa simu kitandani. Nilitapika, na sioni haya kusema. Alikuwa na sura ya mtu ambaye ningeweza kukaa naye siti moja ya daladala.

Lakini kabla ya kutapika, ndugu zangu, nilikuwa nimeshaituma. Kabla hata haijafunguka vizuri nilishambonyezea mwenzangu wa zamu nikaandika "umeona hii?" Ndivyo tulivyozoea. Inaingia, unaisukuma mbele, ndipo unaangalia. Gazeti letu halikuitumia, tulikaa kikao asubuhi tukakubaliana kwa heshima zote kwamba haifai. Nilichangia hoja kwenye kikao hicho. Nilisema maneno mazuri sana juu ya utu wa marehemu.

Sikuwahi kumsimulia mtu. Jumamosi nilimsimulia baba mkubwa, na Rushing bado ameganda pale kwenye skrini. Nilitegemea aniambie ndio kazi, au aniambie vijana wa siku hizi. Nilitegemea labda atasema yeye alifanya kama mimi.

Alikaa kidogo, akauliza, "Mama yake ana simu?"

Nikasema sijui.

Nje muuza kahawa alikuwa anapita anagonganisha vikombe. Baba mkubwa akaniambia nirudishe nyuma, pale kwa yule mjane, nimtafsirie tena alichosema, safari hii polepole.