Moyo wa Mhudumu Haumo Kwenye Fomu

Mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee nchini Ujerumani anaweza kupewa fomu ya maswali ambayo haimtaki aandike jina. Katikati ya maswali ya mzigo wa kazi na zamu za usiku, anaulizwa kama kazi yake inamlazimisha kuficha anavyojisikia, na kama inamwingiza mara kwa mara katika mambo yanayougusa moyo. Majibu ni matano. Anayejibu "daima" anahesabiwa alama 100, "mara nyingi" 75, "wakati mwingine" 50, "mara chache" 25, na "kamwe" anapata sifuri. Wastani wa kitengo kizima unatafutwa, kisha unalinganishwa na wa wenzao wa fani hiyohiyo.

Fomu hiyo inaitwa COPSOQ. Ilibuniwa Denmark na watafiti Tage Kristensen na Vilhelm Borg, kisha wenzao wa Freiburg wakaitengenezea toleo la Kijerumani. Si lazima mwajiri atumie hiyo, zipo nyingine. Kilicho lazima ni kupima. Tangu mwaka 2013, sheria ya usalama kazini ya Ujerumani inataja waziwazi mzigo wa akili miongoni mwa hatari ambazo mwajiri anapaswa kuzitathmini, sambamba na kemikali na mashine.

Kwa muuguzi aliyesomea Muhimbili au Nairobi, maswali ya aina hiyo ni mageni. Na huenda wengi zaidi wakakutana nayo, maana Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa kuwafungulia Wakenya milango ya ajira.

Wazo lenyewe, kwamba kuzitawala hisia ni kazi, lina zaidi ya miaka 40. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege na wakusanya madeni. Wa kwanza walilipwa watabasamu hata abiria akiwatukana. Wa pili walilipwa wawe wakali hata wakimhurumia mdaiwa. Wote walikuwa wakiuza hisia zao kama fundi anavyouza nguvu za mikono. Miaka ya 1990 Dieter Zapf na wenzake wa Frankfurt wakaunda vipimo vya kuichambua kazi hiyo, na walichokiona kinastahili kusomwa na kila mkuu wa idara: kumjali mteja na kumsoma moyo wake kunaweza hata kumpa mhudumu fahari ya kazi. Kinachomchosha zaidi ni pengo, yaani uso kusema hili na moyo kusema lile, saa baada ya saa.

Tuje nyumbani, wodi ya wazazi, usiku wa manane. Kitanda kimoja mama amempoteza mtoto. Muuguzi ameinama, amemshika mkono, anampa pole kwa sauti ya chini. Kitanda cha jirani mwingine amejifungua salama na bibi wa mtoto anasubiri kusikia neno. Muuguzi anapiga hatua tatu, anageuza uso, anasema, "Hongera mama, umepata mtoto wa kiume." Kisha mlangoni anamkuta baba wa watu, anamwamkia shikamoo, na hapohapo anamweleza kwamba glavu zimekwisha, itabidi akanunue nje. Kosa la kukosekana glavu si lake, lakini hasira ya mzee anaipokea yeye. Asubuhi, daftari la zamu litaonyesha waliojifungua, waliofariki na dawa zilizotumika. Hayo mengine hayana safu.

Kwetu haya huitwa adabu, au wito. Mhudumu anayevumilia ni mwenye malezi mema. Anayeshindwa ana lugha mbaya na anaweza kukaripiwa na kiongozi mbele ya kamera. Si kwamba hatupendi kupima. Tanzania ilianza kuvipa nyota vituo vya afya mwaka 2015, sanduku la maoni linaning'inia ukutani, na kila Oktoba mabenki huadhimisha wiki ya huduma kwa wateja kwa keki na fulana. Vipimo vyote hivyo vinamwelekea anayehudumiwa. Anayehudumia haulizwi.

Na anapopimwa, mara nyingine huwa ameshaumia. Jijini Nairobi, vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kikatili kwa ajili ya Facebook walikwenda mahakamani, na ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mwishoni mwa 2024 zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao walikutwa na ugonjwa wa akili utokanao na kiwewe. Aliyewapima ni Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kipimo hicho kilikuwa ushahidi wa kesi. Kingekuja mapema, kingekuwa kinga.

Hata hivyo, kuitafsiri fomu ya Wajerumani na kuigawa Temeke au Kisumu hakutatosha. Haimjui muuguzi aliyezungukwa na ndugu kumi wa mgonjwa mmoja, wala haiulizi ni mara ngapi umemwambia mtu dawa hakuna. Haioni pia faraja iliyopo kwetu: mgonjwa anayemwita muuguzi "mwanangu", na shangazi anayekesha kando ya kitanda akipunguza nusu ya kazi. Alama peke yake pia haimwongezi mtu kwenye zamu, kokote kule. Korea Kusini ilikwenda hatua zaidi mwaka 2018: mwajiri anatakiwa na sheria kumpumzisha au kumhamisha mfanyakazi aliyeumizwa na matusi ya mteja.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Kenya ina yake ya 2007. Wakaguzi wanapokuja kukagua vizima moto na vifaa vya kujikinga, waongeze maswali machache kwa wahudumu, yaliyotungwa na wauguzi wenyewe, bila majina. TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya Tanzania, na vyama vya wauguzi wa Kenya viyadai majibu hayo na kwenda nayo kwenye meza ya majadiliano, pamoja na hoja ya mishahara.