Meza Ndogo na Ada ya Nyumba

Usiku wa mbalamwezi hauna faida kwa mvuvi wa Rumonge. Ndagala na mukeke huvuliwa gizani, kwa taa zinazowavuta karibu na wavu. Mwezi ukijaa samaki hutawanyika na taa hukosa kazi. Mitumbwi hukaa ufukoni, na wanaume waliozoea kulala mchana hujikuta wako macho usiku wa manane bila shughuli. Usiku wa namna hiyo karata hazikosi wachezaji.

Katika mji huo, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya ziwani, aliishi polisi mmoja mstaafu mwenye hisa katika chombo cha uvuvi. Karata alizipenda tangu kambini. Sasa hakwenda tena kwa jirani. Alicheza poka ndani ya simu, pamoja na watu asiowajua hata sura zao. Nduguye aliyeko Ulaya ndiye aliyemfungulia njia ya kulipia. Mkewe, mwuza mawese sokoni, hakupiga kelele. Alitaka tu waandike pamoja fedha zote zilizoingia na zilizotoka kwa mwezi mmoja, maana ndani yake ilikuwamo karo ya watoto watatu.

Hesabu ilimshangaza mzee mwenyewe. Michezo aliyoshinda na aliyoshindwa ilikaribiana mno, lakini mfuko ulikuwa umepungua.

"Basi fedha imekwenda wapi, Baba watoto?"

Imekwenda kwa mwenye meza. Katika poka nyumba haishindani na mtu. Wachezaji hunyang'anyana wenyewe kwa wenyewe, nayo nyumba hukata ada katika fungu lililowekwa katikati kabla mshindi hajalipokea. Kiasi cha kawaida hukaribia faranga 5 katika kila 100, pamoja na kikomo ambacho ada haivuki. Mshindi hufurahia alichopata, wala hakumbuki kilichokatwa. Ada hii ni ya kimyakimya kuliko ushuru wowote wa soko.

Mzee alikuwa na hoja yake. Yeye huchagua meza ya watu sita badala ya ile ya tisa, kwa kuwa maadui ni watano tu. Isitoshe, kwenye meza iliyojaa mtu anaweza kukaa kimya akingoja karata nzuri, ambapo kwenye meza ndogo dau la lazima humrudia upesi na kumlazimisha kucheza hata kwa karata za wastani. Hapo ndipo asiyejua mchezo hukosea mara nyingi, na ajuaye hula. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Wako wachezaji hodari wanaoishi kwayo.

Mkewe akafungua daftari la mawese. Akasema, tuseme kila fungu ni faranga 1,000, na nyumba inakata 50. Meza ya watu tisa huenda taratibu. Tuseme karata hugawiwa mara 60 kwa saa. Ada yote ni 3,000, nayo ikigawanywa kwa tisa, kila mtu ameacha kama 333. Meza ya sita huenda mbio. Tuseme mara 90. Ada ni 4,500, wa kuibeba ni sita, na kila mmoja ameacha 750.

"Kwa saa tano ni 3,750," akasema. "Kwenye meza kubwa haifiki hata 1,700. Je, umewashinda wale watano kwa kiasi cha kuizidi hiyo tofauti?"

Ni kweli kwamba hesabu hii ni ya kukadiria. Mafungu ya meza ndogo mara nyingi huwa madogo, nyumba nyingi hazikati kitu mchezo ukiisha mapema, na nyingine hushusha kikomo watu wakiwa wawili au watatu. Lakini mwelekeo haubadiliki. Wachache hucheza mara nyingi zaidi, na kila wachezapo mkono wa nyumba umo. Hata wote sita wakilingana kwa ustadi, baada ya saa tano 22,500 zimekwisha toka mezani, na mwisho wao ni kuinuka wote maskini zaidi kuliko walivyoketi.

Mzee akakumbuka karata za kwa jirani. Yule alitoza kila mtu kiasi kimoja kwa usiku mzima, gharama ya mafuta ya taa na chai. Wakiwa wanne au wanane, wakicheza haraka au polepole, malipo yalikuwa yaleyale. Yaani kwa utaratibu ule meza ndogo ilimfaa kweli mchezaji mzuri, kwa kuwa kila mchezo wa ziada haukumgharimu kitu. Tabia aliyoipata pale ndiyo aliyoihamishia kwenye simu, mahali ambapo ada hukatwa kwa kila fungu. Na zile zawadi alizotumiwa na nyumba kila mwisho wa juma? Zilikuwa sehemu ya ada yake mwenyewe ikirudishwa ili aendelee kukaa.

Basi akahamia meza ya tisa. Kungoja kukamshinda. Alitupa karata, akatupa tena, na usiku wa tatu mkewe akamkuta amesinzia, simu iko kifuani, zamu yake imekwisha pita. Akaizima na kuiweka juu ya daftari.

Mwezi ulipoanza kupungua mitumbwi ilirudi ziwani. Salio lililokuwa ndani ya simu lilitolewa juma lile. Likatosha karo ya mtoto mmoja. Ya wawili waliosalia ilingoja ndagala.