Tanga Nililolivisha Foronya

Mimi ni fundi cherehani wa Makorora. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, nyeusi, ipo barazani tangu kabla kifungua mimba wangu hajaanza shule, na imeshashona kila anachovaa mtu wa Tanga: sare, madera, kanzu za Idi, hata mashela ya maharusi. Kwa hiyo mwaka 2019 marehemu baba alipotuachia ngalawa, na tanga lake limeoza mpaka kidole kinapita, sikuona la kuogopa. Nilijiambia tanga ni shuka kubwa. Mashuka nimeshona mangapi?

Ushuhuda wangu unaanzia kwenye kiburi hicho.

Nyumba yetu haioni bahari. Baba alikuwa akitoka alfajiri kwa baiskeli kwenda Sahare, ilikolala ngalawa yake, na kurudi jioni na kitoweo kimening'inia kwenye usukani. Kaka zangu wawili wako Dar es Salaam na hakuna aliyetaka kurudi kuvua. Aliyebaki ni mtoto wa kaka mkubwa, aliyelelewa na babu yake na kufundishwa naye bahari. Wiki ile ile tuliyoondoa matanga ya baba ndiyo tuliyolitandaza tanga lake uani. Lilikuwa la pamba, limegeuka rangi ya chai, lina viraka 12. Viraka hivyo baba alivishona mwenyewe kwa shazia, sindano nene ya kushonea matanga, mishono mipana, imeachana kama meno ya mzee. Niliicheka mishono ile. Namwomba Mungu anisamehe.

Tukaafikiana: ngalawa ibaki ya familia, mimi niisimamie, kijana awe nahodha na atafute mabaharia wawili.

"Shangazi," akaniambia, "babu alikuwa na fundi wake wa matanga kule Sahare, mzee mmoja. Tanga zima, kitambaa na kazi yake, linafika laki mbili na nusu."

"Laki mbili na nusu za shuka? Baba'angu, hapa kwako kuna fundi."

Nikanunua turubai la buluu, lile wanalofunikia mizigo ya malori, na uzi wa nailoni. Jumla shilingi 80,000. Nikapima tanga bovu la baba kwa futi ya fundi, nikakata, nikashona kwa mashine mistari miwili iliyonyooka, mishono midogo imebanana. Jirani alisema haijawahi kuonekana kazi safi kama ile. Mwenyewe nilikwenda ufukweni kuliona likitwekwa. Lilipanda juu ya mlingoti linametameta, likajaa upepo, nikarudi nyumbani natembea kama niliyechaguliwa diwani.

Halikumaliza miezi sita. Lilichanika kwenye mshono, moja kwa moja, kama stempu inavyochanwa. Sindano yangu ilikuwa imelitoboa matundu mengi yaliyokaribiana, na plastiki ikishatobolewa hivyo upepo unamalizia. Nikashona la pili kwa mishono mipana zaidi, shilingi 85,000. Hilo mshono wake ulishika, lakini kitambaa chenyewe kilikufa. Jua la Tanga halichezi na plastiki: mionzi yake ya urujuanimno huikata nyuzi ndani kwa ndani, na kwa macho huoni kitu isipokuwa rangi kupauka. Halafu siku moja unalikunja tanga linavunjika kama kachori iliyolala. Nahodha wangu alikuwa akirudi na vipande vya buluu vimenasa kwenye nywele na nyavu. Nchi nzima ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi, mwezi ule ule, nilikuwa barazani nashona tanga la plastiki la kumwagia bahari vipande.

La tatu likagharimu 85,000 tena. Kwa nini nilirudia? Kwa sababu elfu themanini unaweza kuikopa kwenye kikundi ukairudisha kidogo kidogo, na laki mbili na nusu haikopeki. Maskini hununua rahisi mara tatu kwa kuwa ghali hana ya kununulia mara moja. Sisemi hivi kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa.

Agosti 2021, kusi, upepo wa kusini, ikiwa imeshika, wale vijana watatu walikuwa wanarudi kutoka nje ya kisiwa cha Ulenge. Samaki walikuwa wazuri siku hiyo, changu na tasi. Kuingia ghuba na upepo usiokubaliana nawe inabidi upige bisha, uende huku ugeuke kule, na kila ukigeuza foromali, mti unaobeba tanga, tanga linapigwa kofi. Katika kofi moja la namna hiyo turubai langu likaachana vipande viwili, kimoja kikabaki juu kinapepea, kingine kikaanguka majini. Walipiga makasia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Walifika soko la samaki la Deep Sea usiku, limefungwa, barafu imeyeyuka. Asubuhi samaki wale waliuzwa kwa bei ya kuwahurumia.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza. Kijana alikuja barazani, akaniamkia, akaketi, akaangalia cherehani. "Shangazi, tumeshafika salama," akasema. Basi. Mikono yake ameificha kwapani nisiione.

Usiku ule nikachukua daftari la madeni nikajumlisha. 80,000 na 85,000 na 85,000: laki mbili na nusu kamili. Ndiyo bei ya lile tanga la mzee, na hapo sijahesabu siku za kukaa pwani wala samaki wa siku ile.

Kesho yake nikavaa buibui nikaenda Sahare.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa matanga ya buluu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee hakuwa na shari. Alinikalisha mkekani, akaniomba nimwonyeshe mshono wangu, akausifia kwa haki, halafu akasema neno ambalo sijalisahau: nguo huvaliwa na mtu, tanga huvaliwa na upepo. Mtu ana kifua, na upepo nao una kifua. Mimi nilikata tanga bapa, kama shuka kweli. Yeye hukata kila upande wa kitambaa kwa kuupinda kidogo, ili ukiunganishwa na mwenzake tanga lipate tumbo. Pembeni huzungusha dasi, kamba ile inayobeba nguvu, na kitambaa hukikusanya kidogo juu ya dasi ili kilegee. Turubai langu halikuwa na dasi ya maana. Nguvu yote ya kusi ilikuwa inabebwa na pindo.

Na mishono ya baba? Akacheka. Yeye ndiye aliyemfundisha baba.

Kitambaa alichoniagiza ni marudufu, pamba nzito, mita 19. Dukani mita ilikuwa 8,500, jumla 161,500. Nilipotamka mita 19 za nyeupe, mama mmoja aliyesimama karibu yangu akanipa pole ya msiba. Kamba ya dasi na uzi 23,500. Kazi ya mzee 60,000. Ukijumlisha ni 245,000. Nilitoa akiba yote, nikauza na bangili moja. Mzee alinikubalia tushone pamoja wakati wa tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia, ambapo vyombo vingi hutengenezwa. Ufundi wa mavazi nilishakuwa nao. Kwake nilikuwa mwanafunzi wa miaka arobaini na tano anayegombezwa jinsi anavyoshika sindano.

Alikuwa na masimulizi, na mengine nimeyahakiki baadaye kwa mwalimu wa historia jirani yetu. Babu zake walikiita kitambaa cha tanga merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani kweli: wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikileta Unguja, na mwaka 1833 Seyyid Said akatiliana mkataba wa biashara na nchi yao. Kabla ya hapo, na baada yake pia, mitepe ya upande wa Lamu, vyombo vya kale vilivyoshonwa kwa kamba, ilikwenda kwa matanga ya mikeka. Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika dunia nzima na merikani ikawa taabu kupatikana huku kwetu. Nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Nilifarijika kidogo. Kumbe bei ya tanga haikuanza kututesa kwenye baraza yangu.

Siku ya kumkabidhi tanga kijana, mzee aliniuliza: "Litalala wapi?" Nikasema litalala pale pale, limezungushwa kwenye foromali, kama matanga ya wenzake. Akanyamaza. Ngalawa inatembea saa sita, nane. Saa zilizobaki imelala, na mchana mzima tanga liko juani halifanyi kazi yoyote, linazeeka bure.

Hapo ufundi wangu wa Makorora ukafaa kwa mara ya kwanza. Nikanunua mita nne nyingine za marudufu, 34,000, na uzi wa 2,000. Kitambaa kina upana wa mita moja na nusu. Nikakichana katikati kwa urefu, nikaunga vipande viwili, nikapata mita nane zenye upana wa kulizunguka tanga lililokunjwa. Nikashona mfuko mrefu wenye vikamba vya kufungia. Kwa macho yangu ilikuwa foronya tu, foronya ya mto wa jitu. Ufukweni walicheka mpaka wakakaa chini. Tanga limevishwa foronya! Wengine waliuliza kama litawekewa na chandarua.

Foronya ile ya kwanza niliikosea. Niliifunga pande zote, kwa kupenda unadhifu, na ndani yake tanga lililolowa mvua likaota ukungu mweusi upande mmoja. Pamba haivumilii kufungiwa na maji. Nikaifungua tumbo, nikaiacha wazi chini ili unyevu utoke, na nahodha akaapa kutolivisha tanga kabla ya kulikausha. Doa lile lipo mpaka leo. Foronya hupauka, huchanika, huwa gofu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hufa yenyewe badala ya tanga. Ile ya kwanza nilitupa kitu cha shilingi 36,000 ili nisitupe cha 245,000.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kushona. Zamani mgao wetu ulikuwa hivi: chambo na barafu vikishatolewa, fungu moja la chombo, ambalo ni la familia na mimi ndiye ninayelishika, na mafungu matatu ya watu. Nikapendekeza kila safari itolewe 2,000 ya tanga kabla ya kugawana. Mabaharia wakakataa, na walikuwa na hoja: chombo kina fungu lake, tanga ni mali ya chombo, kwa nini wao walipe? Tulibishana Ijumaa tatu. Mwishowe niliwaambia kweli, kwamba fungu la chombo nimekuwa nikilitumia kwa ada za shule na unga, na tanga nalikumbuka siku likichanika. Kijana wangu akatoa shauri: elfu moja itoke fungu la chombo, elfu moja ya watu watatu. Wakakubali, kwa sharti kopo lisikae kwangu. Linakaa kwa baharia mkubwa, nami namwandikia daftari. Tukitoka siku 18 kwa mwezi, kopo linapata 36,000, ambayo ilikuwa foronya nzima. Miezi saba ni tanga zima. Niliyoyaona kama msiba kila baada ya miezi kadhaa yalikuwa shilingi elfu mbili kwa siku.

Mwaka 2022 petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, waliocheka walikuja barazani kwangu mmoja mmoja, wengine usiku. Mwenye boti ya mashine alitaka atumie tanga kwenda, na mashine kurudia. Kwa matanga niliwaelekeza kwa mzee. Foronya niliwashonea mimi, nane mpaka sasa.

Mzee amepumzika kazi, macho yamechoka. Ameniachia shazia zake na kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Tanga tulilolishona pamoja lina viraka vinne, mishono yake mipana, na bado linapiga bisha kuingia ghuba. Foronya ya tatu ipo juu ya cherehani leo. Nasubiri kukata vikamba tu. Marudufu imepanda, mita sasa 11,000, kwa hiyo mita nne ni 44,000, na uzi 3,000. Juzi tulihesabu kopo mbele ya wote. Lilikuwa na 118,000.