Walimuua mkimbizi kabla ya vita

Vijana wenzetu, hapa kambini kuna ubishi hauishi: wale wapiganaji wa Ulaya ya zamani, waliovaa chuma juu ya farasi, wangekutana na Wamongolia nani angeshinda? Nusu yetu tunasema chuma, nusu tunasema upinde.

Jamani, walishakutana. Tarehe 9 Aprili 1241 kule Legnica, Poland, mtawala Henry wa Pili wa Silesia aliuawa na jeshi lake likavunjika. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Hungaria, kwenye mto Sajó, karibu na Mohi. Usiku Wahungaria walilinda daraja vizuri tu. Lakini Batu akaleta mitambo ya kurusha mawe, na Subutai akavukia sehemu nyingine ya mto. Kambi ikazungukwa. Wamongolia wakaacha upenyo mmoja wazi, watu wakakimbilia hapo, wakauawa barabarani. Nguvu walikuwa nayo, ila mbinu za adui hawakuzijua.

Kumbe walikuwepo waliozijua, na hapa ndipo habari inatugusa sisi. Mwaka 1239 Wakumani, wafugaji wa nyikani waliopigwa na Wamongolia, waliingia Hungaria kuomba hifadhi pamoja na kiongozi wao Köten. Mfalme Béla wa Nne akawapokea. Ila mifugo yao ikakanyaga mashamba ya wenyeji, ugomvi ukaanza. Huo ugomvi tunaujua, wa mbuzi, wa kuni, wa maji. Wamongolia walipokaribia, Wakumani wakaambiwa ati ni wapelelezi. Köten akauawa mjini Pest, wiki chache tu kabla ya Mohi. Watu wake kwa hasira wakaondoka kuelekea kusini, wakipora vijiji njiani. Hilo nalo tusilifiche.

Hatusemi wangebaki Hungaria ingeshinda. Tunasema wapiga upinde wa farasi, waliokwisha kumwona adui uso kwa uso, walipotea kwa sababu ya shaka.

Na Béla mwenyewe? Alikimbia. Mtawala wa Austria akamshika, akamtoza mali kwanza ndipo akamwachia. Akaenda mpaka pwani ya Adriatiki. Mfalme naye akawa mkimbizi! Wamongolia walipoondoka mwaka 1242 akarudi, akahimiza ujenzi wa ngome za mawe, akawaita Wakumani warudi. Mwanawe Stephen akaoa binti wa Kikumani. Wamongolia waliporudi mwaka 1285, safari hiyo hawakufua dafu.

Ndugu zetu wa mashirika, mnakuja na fomu, mnatuuliza majina, idadi ya watoto, tunakula mara ngapi kwa siku. Ni sawa, tunajibu. Ila tuulizeni pia tunachokijua. Kati yetu kuna wauguzi, mafundi, wakulima, na watu walioona vita vinavyoanza kijijini kabla redio haijasema. Na sisi vijana, jirani wa bloku nyingine akianza kuitwa mpelelezi bila ushahidi, tusikae kimya.