Vidonge Sita vya Akiba

Msomaji mpendwa, je, nyumbani kwako kuna vidonge vya malaria vilivyosalia, umevifungia sandukuni vingoje homa nyingine? Nami nilifanya vivyo hivyo, na sitaki kosa langu liwe lako.

Majira ya mvua yaliyopita, binti yetu wa miaka sita alishikwa na homa. Alipimwa damu, akaonekana ana malaria, tukapewa dawa ya mseto: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku tatu. Siku ya pili alikuwa akicheza uani. Nikamwambia mama yake, “Amepona, hivi sita tuviweke akiba.” Baada ya wiki tatu homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza.

Tabibu hakunikaripia. Alinieleza jambo ambalo hata chuo cha ualimu sikulisikia.

Chembe nyingi za mwili wetu hunakili urithi wake mara moja, kisha hugawanyika mbili. Kidudu cha malaria sivyo. Urithi wake umo katika nyuzi 14 ziitwazo kromosomu. Kikiisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, hunakili nyuzi hizo na kiini chake kikagawanyika. Kisha tena, na tena, chembe yake ikiwa bado moja. Viini havingojani: kimoja chanakili, mwenzake kimetulia. Mimi karani nikinakili hivyo kitabu cha ubatizo, nitachanganya majina! Lakini kila kiini hupata nyuzi zake 14. Baada ya saa 48 hivi, chembe ya damu hupasuka, vikatoka vidudu vipya, mara nyingi 16 au zaidi. Hapo ndipo homa hupanda.

Piga hesabu nami: kidudu kimoja kikisalia, na wazao wote wakiishi, siku ya pili ni 16, ya nne 256, ya sita 4,096. Mwili huua baadhi, lakini si wote.

Katika mseto, dawa moja huua vidudu vingi upesi. Ya pili hukaa damuni siku nyingi kufagia masalio. Mimi niliufungia ufagio sandukuni. Tena huko Karagwe, mkoani Kagera, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta vidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa hiyo. Tusiizoeze malaria dawa yetu.

Safari hii binti alimaliza vidonge vyote, akapona. Vile sita nilivirudisha zahanati. Nawe, ndugu, fungua sanduku lako leo.