Longonot Si Mlima wa Viatu vya Kanisani

Ukiteremka hadi Mai Mahiu kisha ushike njia ya Naivasha, tupa jicho kushoto. Utauona Longonot umekaa pale kama chungu kilichomeguka mdomo. Mimi niliuona hivyo miaka mingi kupitia dirisha la matatu, nikajiambia kwamba mlima unaopandwa na watoto wa shule kwa makundi hauwezi kumshinda mtu mzima.

Kifunguamimba wangu, msichana wa miaka 14, aliposoma habari za volkeno darasani, hakunipa raha. Jumamosi moja tukadamka, na kufikia saa mbili asubuhi tulikuwa langoni mwa mbuga. Mimi nilivaa viatu vyangu vya ngozi vya kuendea kanisani. Usinicheke, nilidhani kiatu ni kiatu.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita tatu hivi za vumbi na mwinamo. Ukifika, utachungulia ndani ya kasoko, yaani lile shimo la volkeno, ushangae kuona msitu mzima umestawi huko chini. Wengi hupumzika hapo, wakapiga picha na kurudi. Nami nilitamani kurudi, lakini binti alikuwa ameshanyoosha kidole.

“Baba, kilele kile kule!”

Kilele hicho kina urefu wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari, na kuuzunguka ukingo wote ni zaidi ya kilomita saba. Jina la mlima latokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, lenye maana ya mlima wa migongo mingi. Laiti ningalilitafakari jina hilo mapema! Kila mgongo tulioumaliza ulitukabidhi kwa mwingine.

Tulipokaribia kilele, njia ikageuka kuwa ukuta wa mawe. Hapo miguu peke yake haifai kitu. Sharti uparamie kwa mikono na magoti. Nikamwambia binti anifuate nyuma ili, nilivyodhani, nimlinde. Soli zangu zikateleza. Nikalikanyaga jiwe lililoonekana imara, likang'oka. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Nilipiga ukelele, nikalisikia likigonga mwamba mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kimya.

Niliogopa kugeuka, msomaji. Nakwambia kweli, niliogopa.

“Limepita, Baba,” sauti ikasema. Lilipita kando ya sikio lake.

Tuliketi pale kitambo bila kusemezana, mikono yangu ikitetemeka hata chupa ya maji ikanishinda kufungua. Akaifungua yeye. Kisha akanipangia safari kana kwamba yeye ndiye mzazi: tupande sambamba, asiwepo wa kumwangushia mwenziwe jiwe, na kila jiwe lijaribiwe kwa mkono kabla ya kulitwika uzito wa mwili. Mimi nikaongeza la tatu, kwamba tusinyanyue mguu mpaka mguu wa pili na mikono yote miwili imeshika barabara. Hivyo tukafika. Wakati wa kushuka tuliugeukia mwamba kama mtu anayeshuka ngazi, na palipokuwa na changarawe tupu nikateleza kwa makalio. Suruali ile haivaliki tena.

Ukienda, bebeni maji ya kutosha, lita mbili kwa kila mtu hazitazidi, maana kwenye ukingo ule hakuna kisima wala kivuli cha maana. Vaa viatu vyenye meno. Na mtoto asikae chini yako penye mawe, hata kwa dakika moja.

Mama yake tulimwambia kwamba mlima ulikuwa mzuri na tulichoka kidogo. Habari ya jiwe hatukuigusa. Yeye husoma kurasa hizi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nami leo nimeazimia kwenda kumtembelea ndugu yangu Thika mapema.